Sindano za Jumanne

Jumatatu, 3 Machi. Maumivu: saba.

Daktari wa viungo ameniagiza niandike kila siku maumivu ya mke wangu ni mangapi kwa kumi. Alisema niandike namba tu, inatosha. Lakini mimi nimekula mkate wa maneno miaka thelathini na moja, na daftari hili lina kurasa mia mbili. Siwezi kuliachia namba tupu.

Mvua imeanza alfajiri. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana, nami nimetega sufuria ileile.

Nianze na mambo yalivyo. Mke wangu ni kiziwi tangu alipougua homa akiwa na miaka mitatu. Anafundisha watoto wadogo katika shule ya viziwi, mtaa mzima wanamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo humu. Mimi ni mkalimani wa mahakamani. Kiziwi akiitwa kutoa ushahidi nasimama ubavuni kwake, yeye anasema kwa mikono, mimi nasema kwa mdomo. Mwalimu ana baridi yabisi, ile inayovimbisha vifundo vya vidole mkono huu na huu, na huu ni mwaka wa tatu. Watu hunipa pole ya vidole vyake kama vile ni vidole tu. Mikono ile ndiyo ulimi wake. Leo asubuhi alishindwa kuniambia maji ya chai yamechemka, akaigonga meza kwa kiwiko mpaka nikageuka.

Ijumaa, 7 Machi. Maumivu: saba.

Mkuu wa shule amemwita ofisini, nami nikaenda kufasiri. Mkuu ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Alisema watoto hawamshiki tena Mwalimu vizuri. Kidole kikishindwa kunyooka, neno linakuwa neno jingine, na watoto wa miaka sita hawana maneno ya akiba ya kukisia. Mmoja aliuliza kama Mwalimu amehamia lugha ya kigeni. Mwalimu alicheka, mimi sikucheka.

Makubaliano ni haya: amalize muhula, na mwisho wa Mei mkuu aiangalie tena mikono. Ikiwa bado iko hivi, darasa atapewa mwingine. Njiani mikono yake alikuwa ameitia kwapani.

Jumanne, 11 Machi. Maumivu: saba asubuhi, tano jioni.

Leo amechomwa sindano kwa mara ya kwanza. Ni tiba ya sindano, ile wanayoiita akupancha. Daktari wa viungo mwenyewe ndiye aliyetuelekeza, akasema vidonge viendelee na hii iwe ya kuongezea nguvu, maana vidonge peke yake havijamtoa kwenye maumivu.

Chumba kiko mwisho wa korido ya mazoezi, jirani na stoo ya magongo. Kina kitanda kimoja, viti viwili, saa ya ukutani inayochelewa, na dirisha linalotazama bomba la maji ya mvua. Mtaalamu ni mama mnene mwenye viatu vya kitambaa, alikuwa muuguzi kabla ya kusomea kazi hii. Humu nitamwita Mama Sindano. Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele. Alimchoma moja kati ya kidole gumba na cha shahada, mbili juu ya kiganja, moja chini ya kiwiko, akafanya vivyo hivyo mkono wa pili, halafu akamchoma chini ya goti, goti ambalo haliumi. Vifundo vilivyovimba hakuvigusa.

"Alale dakika ishirini na tano, asitikise mikono," akasema. "Akiumia aseme."

"Aseme kwa kitu gani, mama? Mikono ndiyo hiyo umeshaipigilia."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Makubwa haya! Miaka yote hii sijawahi kumfunga mtu mdomo kwa sindano." Basi wakapatana mguu. Mwalimu akitikisa mguu wa kushoto mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, na akiupiga piga ni kwamba sindano zitolewe sasa hivi.

Nilikaa nikimtazama. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, sikuwahi kumwona kimya muda wote huo huku macho yake yako wazi. Sikupenda hata kidogo. Nilianza kusoma karatasi za ukutani, nikazimaliza, nikazirudia.

Tukitoka, chini ya mwavuli, alisema alisikia uzito, kisha joto, kisha usingizi. Halafu akampa yule mama jina. Viziwi hawaitani kwa sauti, kila mtu hupewa jina la mkono na anayemjua. La Mama Sindano ni kidole kinachodonoa kiganja mara tatu. Langu mimi ni vidole viwili vinavyobana ndewe ya sikio, kwa sababu siku tuliyokutana nilikuwa nikijibana sikio kila nikibabaika, nami nilibabaika siku nzima. Alinipa yeye, na viziwi wote wa mji huu wananijua kwa jina hilo.

Alhamisi, 13 Machi. Maumivu: tano.

Mvua tu.

Jumanne, 18 Machi. Maumivu: nne.

Sindano mara ya pili. Leo amefunga vifungo vya blauzi mwenyewe, vyote saba. Nilisimama mlangoni nikamhesabia kama mjinga.

Mama Sindano hataki tumshangilie. "Mimi natuliza maumivu, baba. Ugonjwa wenyewe unazuiwa na vile vidonge vyake vya Jumamosi. Maumivu yakiondoka asije akadhani na ugonjwa umeondoka. Mwambie hivyo." Mvua ilikuwa inakaribia, basi la mwisho la mchana lilikuwa linanguruma barabarani, nikamfasiria Mwalimu kwa kifupi: anasema unaendelea vizuri, endelea hivi hivi. Tukaliwahi.

Jumamosi, 22 Machi. Maumivu: nne.

Jumamosi ni siku ya vidonge vya wiki, na kwa kawaida Jumapili yote hulala na ndoo kando ya kitanda, anatapika, Jumatatu anakwenda darasani akiwa mnyonge. Leo amekula vizuri, amefua, amecheka. Sindano zimemfika mpaka tumboni, naona.

Jumanne, 25 Machi. Maumivu: tatu.

Nimegundua namna ya kuipumzisha mikono yake na nashangaa sikuigundua mapema. Ninammalizia. Tumekaa pamoja muda mrefu mno, akianza tu najua anakokwenda. Akionyesha mlango, namwambia nimeshaufunga. Akionyesha simu, namwambia binti yetu atapiga kesho. Nguvu ambazo angezipoteza kwangu anabaki nazo kwa ajili ya darasa. Leo nimemwokolea sentensi kumi na moja.

Jumamosi, 29 Machi. Maumivu: tatu (sikumuuliza, nimemsoma usoni).

Hata kuuliza namba nimeacha, maana anajibu kwa kunyoosha vidole, na kunyoosha ndiko kunakomuumiza.

Jioni, jikoni, alianza kusema juu ya vidonge. Nikammalizia: vimekaribia kwisha, najua, Jumatatu nitavifuata. Akanitazama, akainua mikono tena. Nikamwambia pumzika, nimeelewa. Akashusha mikono, akaenda kumwaga sufuria iliyojaa maji ya paa.

Jumatatu, 31 Machi. Maumivu: tatu (makadirio).

Nimefuata vidonge. Foleni ya saa mbili, viatu vimelowa.

Jumanne, 8 Aprili. Maumivu: mbili (makadirio).

Mkuu wa shule alikaa nyuma ya darasa kipindi kizima na akaondoka akitabasamu. Mwalimu alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama msichana. Nimemshukuru Mungu na kila sindano kwa zamu.

Binti yetu alipiga simu ya video. Aliniona mimi, akanisikia mimi, mwishoni akakasirika.

"Baba, mbona unaongea wewe tu? Nataka kumwona mama."

"Nampumzisha mikono."

"Mpe simu. Nimemuuliza yeye kazi inaendaje, wewe ndiye unafundisha?"

"Nimekujibu vile angejibu yeye."

"Baba, umekuwa redio."

Nilikata simu mapema. Watoto wa siku hizi hawajui kuuguza mtu.

Jumatano, 16 Aprili. Maumivu: mbili (makadirio).

Leo nimeaibika, na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu mwingine nitaandika.

Kesi ilikuwa ya mpaka wa shamba. Shahidi ni mzee kiziwi, mchonga mawe, mikono mizito, anasema polepole. Wakili alimuuliza kama aliuona ule ukuta kabla ya nyumba kujengwa. Mzee akainua mkono, akasita, mkono ukabaki hewani. Nami nikasikia sauti yangu inasema: "Niliuona."

Mzee hakuwa amesema. Alipoona mdomo wangu umefunguka kabla ya mkono wake, alipiga kizimba kwa kofi mpaka karatasi za karani zikaruka.

Hakimu alivua miwani. "Mkalimani, nani anatoa ushahidi?"

"Yeye, mheshimiwa."

"Basi mngoje."

Tukangoja. Mzee alisema hakuuona ukuta, aliona mawe yamelundikwa tu, ukuta ulikuja baadaye. Ni jambo jingine kabisa. Kiapo changu ni kwamba nikisema "mimi" mahakamani, mimi huyo ni mwingine, na mimi mwenyewe simo. Kwa miaka thelathini na moja sikuwahi kukivunja. Nimejiambia ni uchovu na mvua.

Jumamosi, 26 Aprili. Maumivu: tatu (makadirio).

Siku ya tisa jua halijaonekana. Nguo hazikauki, kuta za chumbani zimeota ukungu. Mwalimu anavaa glavu za sufi hata ndani. Ameangusha kikombe, nikasema ni hii baridi. Nikaokota vipande.

Jumanne, 29 Aprili. Maumivu: tatu (makadirio).

Mama Sindano aliishika mikono ya Mwalimu muda mrefu, akaibonyeza bonyeza, akachoma sindano nne tu, zote mbali na mikono. Aliuliza vidonge vinamezwa? Nikamjibu kila Jumamosi. Akaniangalia kidogo. Sijui alitaka nini zaidi.

Jumatatu, 5 Mei. Maumivu: kumi.

Niliamshwa na mguno. Mwalimu hutoa sauti mara chache sana, yeye mwenyewe hajui zinavyosikika, na hii sijawahi kuisikia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imewekwa mapajani viganja juu. Vifundo vyote vimevimba, vinang'aa, vya moto ukivigusa. Na homa.

Alitaka kusema kitu. Mabega yalianza kusema, viwiko vikafuata, lakini vidole havikufunguka. Nikaanza kukisia. Unataka maji? Akatikisa kichwa. Choo? Blanketi? Nimpigie binti yetu? Nimjulishe mkuu wa shule? Nilikisia kila kitu kilichomo ndani ya nyumba hii, nikazidi kwenda mbio, na kila mara kichwa kilikataa. Mwishowe alifumba macho. Mtu anayesikia akifumba macho bado unaweza kumsemesha. Mwalimu akifumba macho hakuna tena pa kupitia, na nilibaki nimesimama na shati langu la kulalia nikiongea na ukuta.

Nikamlisha uji kwa kijiko. Sikuenda kazini.

Jumanne, 6 Mei. Maumivu: kumi.

Kwa daktari wa viungo. Nilimpa namba zangu, nimezinakili kwenye karatasi safi: saba, tano, nne, tatu, mbili, mbili, tatu, kisha kumi. Akaipitia kwa kidole.

"Alikuwa anaendelea vizuri sana. Vidonge vya wiki hajaruka?"

"Hajaruka. Kila Jumamosi."

Chini ya meza Mwalimu alinipiga teke. Nikadhani ni maumivu, nikampapasa bega. Akapiga tena, mara mbili. Nikamwambia daktari mgonjwa amechoka, tufanye haraka.

Daktari akaandika. Alisema ikiwa anameza ipasavyo na bado hali imelipuka namna hii, basi dawa hii imemshinda, itabidi tuhamie kali zaidi, ya kuchoma chini ya ngozi, tuanze Jumatatu ijayo. Alieleza kwamba dawa hiyo hushusha kinga ya mwili na kuna vipimo vya kufanya kwanza. Nikaitikia kila neno. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani.

Alhamisi, 8 Mei.

Leo siandiki namba. Nimeona namba zangu zilivyo.

Nilimpeleka kwa Mama Sindano nikidhani sindano zitamtuliza mpaka Jumatatu. Aliitazama mikono, hakufungua hata pakiti.

"Siichomi mikono hii. Inawaka. Hii ni kazi ya vidonge, si yangu. Anavimeza?"

"Anavimeza, kila..."

"Baba." Alivuta kiti akakiweka mbele ya Mwalimu, mgongo akanipa mimi. "Nimekuuliza wewe mwezi uliopita. Leo namuuliza mwenyewe. Wewe si mkalimani? Fanya kazi yako kama unavyoifanya kwa hakimu."

Nikasimama ubavuni kwa Mwalimu. Nikalisema swali kama lilivyoulizwa, neno kwa neno: Unameza vidonge vya Jumamosi?

Mguu wa kushoto ukatikisika mara mbili.

Nikasema nilichoapa kusema. "Hapana. Simezi."

"Tangu lini? Wiki ngapi? Ahesabu."

Mguu ukaanza. Nilihesabu kwa sauti, kila pigo na namba yake. Nilifikiri utaishia mbili. Ukapita tatu. Kwenye tano Mama Sindano aliweka mkono kinywani. Ulisimama kwenye saba, nikasema, "Wiki saba sijameza," na nilipokuwa nasema hivyo nilikuwa nimeshajua ni Jumamosi ipi, ile aliyofua nguo akacheka.

"Uliacha kwa sababu vinakutapisha?"

Mara moja. Ndiyo.

"Na kwa sababu sindano ziliondoa maumivu, ukaona umepona?"

Mara moja.

"Nilimwambia mumeo akuambie, maumivu yakiondoka usidhani na ugonjwa umeondoka. Alikuambia?"

Nilifasiri swali hilo pia, lote, bila kulifupisha. Mwalimu alinigeukia kabla ya kujibu. Sikumsaidia, sikuweza. Mguu ukatikisika mara mbili.

"Hapana," nikasema. "Hakuniambia."

Mama Sindano alichukua shuka jepesi akamfunika Mwalimu miguu, akaipanga mikono yake juu ya mto, akasema kesho asubuhi turudi kwa daktari kabla hata hajavaa koti. Tulipofika nyumbani alinionyesha kwa kidevu kopo la chaki analoweka dirishani, nikalifungua. Vidonge vilikuwa humo chini ya chaki, vile nilivyovifuata kwenye foleni ya saa mbili na vilivyobaki kabla yake. Hakuvitupa. Nadhani alikuwa anangoja jibu.

Halafu nimekaa nikasoma daftari hili tangu ukurasa wa kwanza. Tarehe 29 Machi jikoni aliinua mikono mara mbili. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba aliinua mara mbili.

Ijumaa, 9 Mei.

Nimekiri kwa daktari. Nilimwambia pia kwamba namba zile, kuanzia mwisho wa Machi, ni zangu, si zake. Aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye kapu la taka, taratibu. Alisema tumeponea chupuchupu kuanza dawa kali bila sababu. Vidonge vya zamani virudiwe, na safari hii atampa vitamini ya kupunguza kichefuchefu, jambo ambalo lingewezekana tangu mwanzo kama yeye daktari angeambiwa. Havitashika kazi kabla ya wiki nyingi.

Picha ya eksirei imeonyesha mfupa umelika. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia havitanyooka tena. Alisema hivyo akimtazama Mwalimu, nami nikafasiri, nikiwa na vidole vyangu vyote kumi vinavyonyooka.

Jumamosi, 10 Mei.

Amemeza. Jioni alitapika mara moja tu. Nilishika ndoo.

Jumatano, 14 Mei.

Namlisha, namwogesha, namchana nywele. Nauliza jambo moja kwa wakati mmoja na kungoja mguu. Baadhi ya maswali hayajibu, na sijui kama ni uchovu au hasira. Nastahili vyote viwili. Mkuu wa shule ametuma barua kwamba darasa amepewa mwalimu mwingine kuanzia muhula ujao. Niliishika mbele ya macho yake akaisoma mwenyewe.

Jumatatu, 19 Mei.

Hakuna mvua leo. Hakuna kingine.

Jumamosi, 24 Mei. Maumivu: sita. (Amesema mwenyewe, kwa mguu.)

Uvimbe umeanza kushuka. Saa nne asubuhi, mezani, aliinua mkono wa kushoto, ule ulio afadhali. Ulitetemeka. Akaanza sentensi.

Sijawahi kungoja kitu namna ile. Nilijua anakokwenda, au nilidhani najua, na kila misuli ya uso wangu ilitaka kumfikisha haraka. Nikakalia mikono yangu. Kweli nilikaa juu yake, kama mtoto aliyeadhibiwa. Alisema neno la kwanza, akaupumzisha mkono mezani. La pili. Akapumzisha. Chai ilipoa, ikafanya utando juu.

Alisema: Nilikuwa nataka kukuuliza.

Basi, hayo tu. Nikamwambia najua sasa. Akatikisa mguu mara mbili, na sikujua anakataa nini.

Ijumaa, 30 Mei. Maumivu: tano.

Siku ya mwisho ya muhula. Tulikwenda kuchukua vitu vyake: kopo jingine la chaki, ndala za darasani, picha ya herufi aliyoishona kwa kitambaa. Watoto walisimama mistari miwili, wakamtazama mikono, maana ndiko wanakotazama. Alisimama mbele yao muda mrefu mikono ikiwa chini. Mwisho aliinamisha kichwa kwa kila mmoja, kuanzia wa mbele hadi wa nyuma.

Msichana mmoja mdogo alinijia mlangoni, akabana sikio lake kuniita, akaniuliza: Amesema nini?

Ningeweza kumwambia mambo kumi mazuri na yote yangemfaa. Nikamjibu: Hajasema.

Jumanne, 3 Juni. Maumivu: tano.

Leo tumerudi kwa Mama Sindano, daktari ameruhusu. Vifundo vimepoa, vile vidole viwili vimebaki vimekunjwa kama vilivyotabiriwa. Jua lilikuwa limeingia chumbani, bomba la dirishani limekauka, saa bado inachelewa.

Mama Sindano alipokuwa anapanga pakiti zake, Mwalimu aliniashiria kwa kidevu nimtazame. Akainua mkono wa kulia kuelekea sikioni. Nikajua ananiita, ni mara ya kwanza kuniita tangu Mei kuanza. Vidole vya kubania ni vile vile vilivyoharibika. Vilifika kwenye ndewe vikateleza. Akajaribu tena, vikateleza. Wa kushoto nao haubani kitu. Jina langu limekwisha mikononi mwake, na hakuna sindano wala kidonge cha kulirudisha.

Akaushusha mkono, akautazama ulivyo, ngumi isiyofunguka sawasawa. Akafikiri. Halafu akainama kutoka kitandani, akaiweka ngumi ile juu ya mdomo wangu, na kuibakisha hapo mpaka nikaelewa.

Nikamuuliza ndilo jina? Mguu mara moja. Nikamuuliza la muda gani? Kwa mkono wa kushoto, neno moja moja, akipumzika katikati, alisema: Mpaka nione. Usoni kulikuwa na kicheko kidogo, na hasira bado ilikuwa chini yake pale pale.

"Mnasemezana nini nyie?" Mama Sindano akauliza, sindano ya kwanza iko tayari vidoleni.

Nikasimama ubavuni kwa mke wangu, mahali pangu pa kazi. "Nimembadilisha mume wangu jina," nikasema.

"He! Sasa anaitwaje?"

Swali hilo halikuwa la kujibiwa kwa sauti. Nikaikunja ngumi yangu, nikaiweka mdomoni pangu. Mama Sindano alinitazama, akamtazama Mwalimu, hakucheka. Akamlaza mikono juu ya mto, akachoma, na kwa dakika ishirini na tano sote watatu tulikaa kimya.